Jiji likifika mlangoni: mpaka wa nani, ardhi ya nani?

Mwezi huu nimejibu barua tatu tu. Zote zinahusu jambo moja, ya kwanza ni ndefu, na nimeona afadhali nijibu kwa kina kuliko kugusa mambo kumi juu juu. Wengine mlioandika kuhusu mirathi na talaka, nivumilieni hadi toleo lijalo.

BARUA YA KWANZA

*Mwanangu wakili, mimi ni mkulima wa zabibu, umri wangu miaka 71. Kijiji chetu kiko wilaya ya Chamwino, si mbali na mpaka wa Jiji la Dodoma. Nina ekari nne za zabibu na ekari sita za mtama na alizeti, nilizopewa na baba yangu kabla hata ya operesheni vijiji. Mwaka huu kumekuwa na maneno mengi kwamba jiji linapanuka na sisi tutaingizwa ndani. Juzi gari lenye kipaza sauti lilipita likitangaza mkutano. Vijana wenye vishkwambi wanapita mashambani wanapiga picha. Jirani yangu ameshauza ekari mbili kwa bei ya kutupa, anasema bora shilingi mkononi kabla jiji halijazichukua bure. Naomba kujua: je, jiji linaweza kuamka asubuhi likasema kijiji chetu ni mtaa wake? Na likisema hivyo, zabibu zangu zinakuwa za nani? Mzee wa Chamwino.*

Shikamoo mzee wangu. Nianze na jirani yako, maana ndiye aliyeniumiza moyo. Mwambie asiuze hata hatua moja zaidi kwa sababu ya maneno ya gari la kipaza sauti. Alichofanya ni kukimbia mvua ambayo bado haijakusanya wingu.

Barua yako ina maswali mawili, na watu wengi huyachanganya yakawa moja. Kuna swali la mpaka, yaani nani anakutawala: mwenyekiti wa kijiji na Halmashauri ya Wilaya, au mwenyekiti wa mtaa na Halmashauri ya Jiji. Halafu kuna swali la ardhi, yaani nani ana haki juu ya ekari zako kumi. Maswali haya yana sheria tofauti, ofisi tofauti na hatua tofauti. Mpaka unaweza kusogea bila mtu yeyote kugusa shamba lako. Vilevile shamba linaweza kutwaliwa hata kama mpaka haujasogea. Madalali wanaokuja kijijini hufaidi pale watu wanapodhani ni kitu kimoja.

Tuanze na mpaka. Hapana mzee, jiji haliwezi kuamka asubuhi likajitangazia kijiji. Mkurugenzi wa jiji hana uwezo huo, wala meya, wala baraza zima la madiwani likikaa usiku kucha. Mamlaka za miji zinaanzishwa, na maeneo yake yanawekwa, chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura ya 288, iliyotungwa mwaka 1982. Anayefanya hivyo ni Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, kwa amri inayochapishwa katika Gazeti la Serikali. Kijiji chenu nacho kipo kwa sheria pacha yake, Sura ya 287, ile ya Mamlaka za Wilaya. Kiliandikishwa na Msajili wa Vijiji na kikapewa hati ya kuandikishwa. Kilichozaliwa kwa maandishi hakifi kwa tangazo la barabarani. Na kwa kuwa ninyi mko wilaya nyingine, mkoa ni uleule lakini wilaya si ile ya jiji, kuna mpaka wa pili wa kusogeza: mpaka wa wilaya. Huo unamfikia Rais, kwa sababu Katiba, ibara ya 2, ndiyo inayompa yeye mamlaka ya kuigawa nchi katika mikoa, wilaya na maeneo mengineyo kwa utaratibu uliowekwa na sheria.

Kabla ya amri kuchapishwa, pendekezo hupanda ngazi, nami nakuomba uzijue kwa majina ili siku ukiambiwa "imeshapita" uulize imepita wapi. Linaanzia chini, kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wenu wote wenye miaka 18 na zaidi. Linakwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, linaingia Baraza la Madiwani la wilaya, kisha Kamati ya Ushauri ya Wilaya, kisha Kamati ya Ushauri ya Mkoa, ndipo TAMISEMI, ofisi ya huyo Waziri wa serikali za mitaa. Jiji linalopokea nalo linapaswa kuwa na muhtasari wake wa baraza. Kila ngazi inaacha karatasi yenye tarehe na majina ya waliohudhuria. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kama ni kweli kijiji kinachukuliwa, uliza muhtasari wa mkutano mkuu uko wapi. Kama hamjawahi kukaa mkutano wa ajenda hiyo, basi ama jambo halijaanza, ama limeanza vibaya.

Sasa nikuambie ukweli usiopendeza. Katika suala la mpaka, kijiji hakina uwezo wa kuzuia. Mkutano mkuu unaweza kusema hapana kwa sauti moja, na Waziri bado akaona kwamba maslahi mapana yanataka mpaka usogee. Sauti yenu inasikilizwa, inaandikwa na ina uzito, hasa ikiwa na sababu zilizofikiriwa: umbali wa huduma, idadi ya watu, shughuli zenu za kilimo, uwezo wa jiji kuwahudumia. "Hatutaki" peke yake haina uzito. "Hatutaki kwa sababu asilimia kubwa ya kaya zinaishi kwa zabibu na mtama, na jiji halina barabara wala maji hata kwa mitaa iliyonayo sasa" ina uzito. Andikeni hivyo katika muhtasari.

Kama utaratibu ulirukwa, mlango wa Mahakama Kuu uko wazi kwa kuomba mapitio ya uamuzi, lakini mlango huo una saa yake: maombi ya kibali yanapaswa kupelekwa ndani ya miezi sita tangu uamuzi. Nimeona vijiji viwili vikija ofisini kwangu mwaka mzima baadaye, na barua nzuri kabisa za malalamiko walizokuwa wakizunguka nazo kwa mkuu huyu na yule. Barua zile zilikuwa zimekula miezi sita yao yote.

Tuje kwenye ardhi, mzee wangu, na hapa nataka ukae vizuri.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, kifungu cha 18, inasema haki miliki ya kimila ina hadhi sawa katika kila hali na haki miliki ya kutolewa, ile ambayo watu wa mjini huiita hati. Inarithiwa. Inaweza kuwa ya muda usio na kikomo. Na kifungu hichohicho kinasema jambo ambalo wengi hawalisomi: haki hiyo inaweza kuwa katika ardhi ya kijiji, katika ardhi ya jumla (yaani ile isiyo ya kijiji wala ya hifadhi), au katika ardhi ya hifadhi. Kwa lugha ya shambani: hata kijiji kikifutwa leo na eneo likawa ardhi ya jumla chini ya jiji, haki yako haikuzikwa pamoja na kijiji. Unaingia jijini ukiwa na ekari zako kumi mkononi.

Mahakama ya Rufani ililisema hili mapema, mwaka 1994, katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na Joseph Lohay, lililohusu ardhi ya kimila. Ilikataa hoja kwamba mtu mwenye haki za kimila hana mali inayolindwa. Ikasema haki hizo ni mali chini ya ibara ya 24 ya Katiba, na kumnyang'anya mtu bila fidia ya haki ni kuvunja Katiba. Wakulima wa kawaida ndio waliolishinda shauri lile. Mimi nililisoma nikiwa mwaka wa pili chuoni, na hadi leo nikikata tamaa na kazi hii hulirudia.

Sasa, kama Serikali inataka ardhi yenyewe, si mpaka tu, kwa mfano kwa ajili ya viwanja, barabara ya mzunguko au ofisi, kuna kifungu cha 4 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Rais anaweza kuhamisha ardhi ya kijiji kwenda ardhi ya jumla kwa manufaa ya umma, lakini kwa hatua. Taarifa inachapishwa kwenye Gazeti la Serikali na nakala inaletwa kwa halmashauri ya kijiji, ikieleza ardhi iko wapi, ina ukubwa gani, mipaka yake ni ipi na inatakiwa kwa kazi gani. Ikiwa eneo ni chini ya hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Soma tena hapo mzee: kukubali au kukataa. Likizidi hekta 250, mkutano mkuu unatoa mapendekezo na Waziri anaamua. Na ardhi haihamishwi mpaka aina ya fidia, kiasi chake, namna ya kuilipa na muda wa kuilipa vimekubaliwa. Kwa hiyo, kinyume na wanavyodhani wengi, kijiji kina nguvu ndogo juu ya mpaka na nguvu kubwa zaidi juu ya ardhi. Madhali bado ni kijiji. Hayo maneno manne ya mwisho yaandike ukutani.

Maana mpaka ukishasogea na kijiji kikafutwa, mkutano mkuu haupo tena. Ardhi inasimamiwa chini ya Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, na anayetawala michoro ni jiji kwa Sheria ya Mipango Miji, Namba 8 ya mwaka 2007. Haki yako bado ipo na fidia bado ni haki yako, ila ile nguvu ya pamoja ya kukataa imekwisha. Unabaki wewe na karatasi zako. Ndiyo sababu nasema kazi kubwa ni ya sasa.

Kwa hiyo, kabla ya lolote, nenda kwa mtendaji wa kijiji uulize kama kijiji kina Cheti cha Ardhi ya Kijiji. Kama kipo, omba Hati ya Hakimiliki ya Kimila kwa ekari zako kumi, zipimwe na ziandikwe. Hati hiyo inatolewa na halmashauri ya kijiji. Mtaa hauwezi kuitoa. Ukisubiri mpaka usogee utaingia kwenye foleni ya urasimishaji ya mjini, yaani ya kupima na kumilikisha makazi yaliyokwishajengwa, yenye kampuni za upimaji, michango na miaka ya kusubiri. Na mzee wangu, naomba hati iandikwe majina mawili, lako na la mama. Usinijibu kwamba mila haziruhusu. Sheria hiyohiyo ya vijiji inatamka kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi ni batili.

Wakati unasubiri hati, tunza ushahidi mwingine. Hesabu mizabibu yako, mstari kwa mstari. Iandike pamoja na mwaka ilipopandwa, piga picha, mwombe jirani wa kila upande asaini kuhusu mpaka, na mtendaji agonge muhuri. Ukija uthamini wa fidia, mthamini atahesabu ardhi kwa bei ya soko, mazao na majengo, kisha posho ya usumbufu, ya usafiri na ya makazi, na hasara ya faida. Mzabibu unaovunwa ni biashara, na biashara ina hasara ya faida. Ukinyamaza hakuna atakayekukumbusha. Usisaini fomu ya uthamini ambayo haijajazwa idadi, hata kama foleni ni ndefu na jua ni kali. Omba nakala. Na ujue kwamba uthamini wa fidia una umri: malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita yanadai riba, na ikipita miaka miwili bila kulipwa, uthamini umekufa na lazima ufanywe upya kwa bei ya wakati huo.

Kuhusu vijana wa vishkwambi, waulize kwa adabu wametumwa na nani na barua yao iko wapi. Kuandaa mpango si kuchukua ardhi. Jiji linaweza kuwa linatayarisha mpango kabambe, yaani mchoro mkuu wa matumizi ya ardhi ya mji, na sheria ya mipango miji inalitaka liitishe mkutano wa wenye ardhi na wadau wengine kabla ya kuandaa mpango huo. Huo ndio mkutano wa kwenda, ukae mbele, uulize mchoro unaonyesha nini juu ya shamba lako. Kigamboni iliingizwa kwenye mpango wa mji mpya mwaka 2008, na watu wakakaa miaka bila kujua kama wajenge au wasijenge, wauze au wasiuze, na mji ule haukuja kama ulivyochorwa. Kinachomdhuru mtu katika hali kama ile mara nyingi ni kukosa jibu, kuliko hata kunyang'anywa. Dai jibu kwa maandishi.

Ninyi wa Dodoma mna historia yenu wenyewe ya kuwafundisha. Kwa zaidi ya miaka 40, tangu 1973 hadi Rais Magufuli alipoivunja Mei 2017, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ndiyo iliyoshika ardhi ya mji ule, na watu walipewa miliki ya miaka 33 wakati wenzao mikoa mingine wakipewa 99. Wazee waliokuwa na mashamba ya asili ndani ya eneo lile wanakumbuka ilivyokuwa kuitwa mvamizi juu ya kaburi la babu yako. Aprili 2018 Dodoma ikawa jiji. Mji ule utakua, nami naufurahia ukuaji wake. Nimelala Dodoma usiku mingi kwa ajili ya kesi, na kila nikirudi naona taa zimesogea. Ninachotaka ni zikifika kwako zikukute na karatasi.

BARUA YA PILI

*Wakili, mimi ni mama, mjumbe wa halmashauri ya kijiji wilaya ya Misungwi, upande wa kuelekea Mwanza. Sisi tumeshaelewana na tumekubali kuingia mjini, wengi wanataka. Swali langu ni mali za kijiji. Tuna shamba la kijiji ekari tisa, godauni, mashine ya kusaga ya kikundi cha akina mama ambayo imefungwa kwenye jengo la kijiji, na eneo tulilotenga kwa ajili ya zahanati. Tukiwa mtaa vitu hivi vinabaki vyetu? Mjumbe.*

Dada yangu mjumbe, asante kwa swali ambalo sijawahi kuulizwa na mwenyekiti mwanaume hata mmoja.

Jibu fupi ni kwamba havibaki vyenu kwa namna mnayoijua sasa. Halmashauri ya kijiji ni mtu kisheria. Inaweza kumiliki, kununua, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Mtaa si mtu kisheria. Una mwenyekiti na kamati yake, una muhuri, lakini hauna mfuko wake wa kumiliki mali. Kijiji kikifa, mali yake ya umma inaangukia kwa anayerithi eneo ambaye ana utu wa kisheria, na huyo ni halmashauri ya mjini. Kutoka hapo shamba lenu la ekari tisa linakuwa eneo moja kati ya mamia katika daftari la mali za halmashauri, kama limeandikwa. Lisipoandikwa, ni hatari zaidi.

Niruhusu nikusimulie. Nilizaliwa kijiji kimoja nje ya Dar es Salaam, upande wa barabara ya Morogoro. Baba alikuwa katibu wa kijiji. Tulikuwa na shamba la kijiji la mihogo na mikorosho, ekari kumi na mbili, na kila Jumamosi asubuhi filimbi ilipulizwa na watu wakaenda na majembe. Mimi nilikuwa darasa la sita tulipoambiwa sasa sisi ni mtaa. Watu walishangilia; kulikuwa na ngoma. Hakuna aliyeuliza kuhusu shamba, kwa sababu kila mtu alijua ni la kijiji. Miaka minne baadaye tuliamka tukakuta bikoni, zile alama za mipaka za wapimaji, zimesimikwa kati ya mikorosho. Viwanja vimeshagawiwa, wengine tayari wana barua za toleo, yaani za kupewa kiwanja. Baba alichukua daftari lake kubwa la mihtasari kutoka sanduku la bati chini ya kitanda akazunguka nalo ofisi moja hadi nyingine. Katika daftari mlikuwa na mkutano wa kuanzisha shamba, majina ya waliotoa nguvu kazi, mavuno ya kila mwaka. Hakukuwa na ramani wala cheti. Aliambiwa maneno haya nisiyoyasahau: "Mzee, haya ni maelezo, si miliki." Kilichookolewa ni kipande cha shule, kwa sababu mwalimu mkuu alikuwa amekipima. Baba alifariki akiamini alikosea mahali fulani. Hakukosea. Hakuna aliyemwambia.

Basi wewe nakuambia. Kabla kijiji hakijafutwa, itisheni mkutano mkuu mpitishe orodha ya mali zote za kijiji, kila kipande na ukubwa wake na matumizi yake. Muhtasari usainiwe, ugongwe muhuri, nakala ziende kwa mkurugenzi wa wilaya na kwa mkurugenzi wa upande mtakakoingia, na wapokee kwa kusaini. Eneo la zahanati na shamba lipimwe sasa na lionyeshwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi kuwa eneo la umma. Eneo la umma lililochorwa na kusajiliwa linaweza kuliwa bado, lakini mlaji atalazimika kubadilisha matumizi hadharani, na hapo mtamwona.

Mashine ya kusaga ni jambo jingine kabisa, na hapa fanya haraka. Hiyo si mali ya kijiji, ni ya kikundi. Lakini imefungwa kwenye jengo la kijiji, na siku ya makabidhiano mtu ataandika "jengo moja pamoja na mashine" na itakuwa imekwenda. Sajilini kikundi kama hakijasajiliwa, tafuteni risiti ya ununuzi, na mwandikiane na kijiji mkataba wa pango wa jengo lile wenye maneno wazi kwamba mashine ni ya kikundi. Hata pango liwe shilingi elfu moja kwa mwezi. Mkataba wenu na kijiji, kijiji kikiwa hai, utamfuata mrithi wake.

Mabaraza pia yatabadilika. Baraza la ardhi la kijiji litakoma pamoja na kijiji. Migogoro itaanzia Baraza la Kata, ambalo tangu mwaka 2021 linasuluhisha tu na halitoi hukumu, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mashauri ya mipaka yaliyolala kijijini kwenu yamalizeni sasa, wakati wazee wanaojua mwembe ulikuwa wapi bado ndio wanaokaa barazani. Na mkishaingia mjini, kumbukeni kwamba mwenyekiti wa mtaa hagawi ardhi. Atakayewaambia muhuri wake unatosha kwa kiwanja, mwulizeni anagawa kwa kifungu gani.

BARUA YA TATU

*Dada wakili, niko nje kidogo ya Jiji la Arusha. Nina nyumba ya vyumba vitatu, ng'ombe watano wa maziwa, na bado sijavuta umeme. Tukiingia jijini nitapata hasara gani na faida gani? Naomba ufupi, niko kazini. Kijana wa Arusha.*

Mdogo wangu, kwa ufupi basi. Vuta umeme sasa. Tangu Januari 2022 bei ya kuunganishiwa kijijini ni shilingi 27,000, na mjini, kwa mteja aliye ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo, ni 320,960. Kumekuwa na vuta nikuvute nyingi kuhusu maeneo yanayoitwa vijiji-mitaa, ambayo ni mji kwa karatasi na kijiji kwa macho. Usingoje uwe mmoja wao.

Kodi ya majengo utailipa kupitia LUKU, yaani unaponunua umeme, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida kwa kiwango cha tangu Julai 2023.  Anayekudai kodi ya pango la ardhi kabla hujapata hati ya kutolewa, mwombe akuonyeshe anaidai kwa kifungu gani. Ukitaka kuongeza chumba, utahitaji kibali cha ujenzi, na hii ndiyo wengi hukamatiwa, maana kijijini walizoea kumwaga msingi Jumapili baada ya ibada.

Ng'ombe ndio swali gumu. Hakuna sheria inayosema mpaka ukisogea ng'ombe wafe, lakini majiji yana sheria ndogo kuhusu mifugo: idadi, banda, kinyesi, kutozurura. Nenda ofisi ya mifugo ya jiji uombe nakala ya sheria ndogo yenyewe, yenye namba ya Tangazo la Serikali, usikubali maelezo ya mdomo. Jenga banda la kudumu na shimo la samadi mapema, na upate barua ya daktari wa mifugo wa kata inayoeleza idadi uliyonayo leo. Kama idadi inayoruhusiwa ni ndogo kuliko yako, ombeni kama wafugaji, kwa pamoja, muda wa mpito kabla ya siku ya kuanza kutumika kwa amri. Ombi kama hilo lipelekwe kwa diwani lingali halijafika Gazeti la Serikali, naye alisome barazani ili liingie kwenye muhtasari.

Faida zipo pia. Shamba lako likipimwa na kupata hati, benki itakusikiliza tofauti. Barabara za mitaa huwa na fungu. Bei ya kiwanja itapanda, na ndiyo maana nimekuambia uanze na umeme na mipaka yako, kabla ya mtu wa kwanza kuja na fedha taslimu kwenye bahasha.